Kukagua viazi mviringo dhidi ya magonjwa ya bakteria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila msimu, karibu kwa maneno yaleyale, kutoka kwa wanaolima viazi vya kula na wanaozalisha mbegu. Yanaanzia mambo ya msingi na kuishia kwenye visa vya pembeni. Pale ambapo jibu limeshatolewa, tumetaja namba ya swali badala ya kulirudia.

## Mambo ya msingi

1. Ni magonjwa gani ya bakteria ninayopaswa kuyatafuta?

Yapo kadhaa, lakini matatu ndiyo yanayotawala ukaguzi.

La kwanza ni mnyauko bakteria, unaosababishwa na *Ralstonia solanacearum* na jamaa zake wa karibu. Kimelea huingia kupitia mizizi, huziba mishipa inayopandisha maji, na mmea hunyauka ukiwa bado wa kijani. Ndani ya kiazi huacha pete ya kahawia inayotoa usaha mweupe.

La pili ni uozo wa pete, unaoletwa na *Clavibacter sepedonicus*. Huu hupenda nchi za baridi na huenda taratibu sana. Mara nyingi msimu hukwisha bila jani lolote kuonyesha kitu.

La tatu ni kundi zima: bakteria wa *Pectobacterium* na *Dickeya*, wanaoleta shina jeusi shambani na uozo laini ghalani. Hawa hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha kuta za seli, ndiyo maana kiazi hugeuka uji.

Pembeni kuna ukurutu (swali la 10) na ugonjwa unaoenezwa na chawa wa mimea ambao hautoi usaha wala harufu (swali la 25).

2. Kama hakuna dawa ya kutibu, kukagua kunanisaidia nini?

Ni kweli hakuna dawa. Mmea ukishaingiwa na mnyauko bakteria au uozo wa pete, hakuna cha kupulizia kitakachouponya, na dawa za ukungu zinazouzwa kwa ajili ya baka jani chelewa haziwagusi bakteria hawa. Mtu akikuuzia "dawa ya mnyauko" ya kupuliza majani, muulize itaingiaje kwenye mishipa ya ndani ya shina.

Unakagua ili kufanya maamuzi. Je, viazi hivi vitafaa kuwa mbegu? Shamba hili lipandwe nini mwaka ujao? Maji ya mfereji huu yaendelee kutumika? Jembe litoke hapa liende shamba la pili bila kuoshwa? Maamuzi haya ndiyo yanayozuia ugonjwa, na yote yanahitaji ujue mapema.

3. Shamba langu lote ni la kijani na halina mmea ulionyauka. Bado kuna haja?

Ipo, hasa kama unatarajia kutoa mbegu hapo. Hili ndilo kosa linalogharimu kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Bakteria wa mnyauko hustawi udongo ukiwa na joto, karibu nyuzi 27 za Selsiasi. Kwenye miinuko yenye ubaridi wanaweza kukaa ndani ya mmea msimu mzima bila dalili. Mkulima anavuna viazi safi, vigumu, vya kupendeza, na anavihifadhi vya kupanda. Vikishushwa kwenye eneo la joto, mimea inaanza kuanguka wiki chache baada ya kuchipua. Aliyenunua anamlaumu aliyeuza, na aliyeuza anaapa kwamba kwake hapakuwa na ugonjwa. Kwa macho yake, hasemi uongo.

Aina ya kimelea iliyozoea ubaridi, ambayo vitabu vya zamani huiita rasi 3 baiova 2, ndiyo bingwa wa kujificha hivi, na ndiyo iliyosafiri duniani ndani ya mbegu za viazi. Kwa hiyo shamba la kijani linakuambia kwamba hali ya hewa ya msimu huu haikuleta dalili. Kama bakteria wamo au hawamo, hilo huamuliwa na kipimo (maswali ya 14 hadi 17).

## Kutembea shambani

4. Nianze lini na nirudi mara ngapi?

Kabla ya kupanda, kagua mbegu yenyewe: toa kiasi, ikate, tazama (swali la 11). Baada ya hapo pita mara tatu kwa uchache.

Mara ya kwanza ni wiki mbili hadi tatu baada ya kuchipua. Hapa unatafuta mashimo ambapo mbegu ilioza chini kwa chini. Fukua machache. Mbegu iliyoyeyuka ikanuka ni kazi ya *Pectobacterium* au *Dickeya*, ilhali iliyoliwa ina alama za wadudu.

Mara ya pili ni kuanzia maua yanapotoka hadi viazi vinapoanza kujaa. Huu ndio wakati wenye faida kubwa zaidi, maana mmea unavuta maji mengi na mishipa iliyoziba hujidhihirisha. Ukiwa na muda wa kupita mara moja tu msimu mzima, pita sasa, siku ya jua.

Mara ya tatu ni kabla majani hayajaanza kuzeeka. Ukichelewa, kila kitu kinakuwa njano na huwezi kutofautisha ugonjwa na uzee. Mzalishaji wa mbegu apite kila wiki au kila baada ya siku kumi.

5. Nitembeeje, na nikague mimea mingapi?

Shamba la mbegu hupitiwa mstari kwa mstari. Shamba la viazi vya kula unaweza kulipita kwa zigizaga ukisimama sehemu kumi na kutazama mimea hamsini kila sehemu, ambayo inakupa mimea 500. Anzia upande unaoamini ni safi na malizia upande wenye shaka, ili viatu vyako visiwe njia ya kueneza.

Lakini usitembee kama saa ya ukutani. Nenda makusudi mahali ugonjwa unapopenda: mabondeni, panapotuama maji, kando ya mfereji, kwenye lango la kuingilia, na pale ambapo mwaka jana palikuwa na nyanya au lundo la viazi vibovu.

Mpangilio wa mimea iliyougua nao husema. Mmoja hapa, mwingine mistari ishirini mbele, bila utaratibu: shuku mbegu. Kikundi kinachotanuka, au mstari unaofuata mteremko wa maji: shuku udongo au maji. Chora ramani hata kama ni kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari. Baada ya misimu mitatu ramani hiyo itakuwa na thamani kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

6. Mmea umenyauka mchana. Nitajuaje kama ni bakteria au ni kiu?

Wengi hutumia kipimo cha usiku: ukiinuka alfajiri, basi ilikuwa kiu. Hapo ndipo wanapopotea. Mnyauko bakteria katika siku zake za mwanzo nao hulegea mchana na kuinuka usiku, kwa siku kadhaa, kabla ya kulala moja kwa moja.

Tazama majirani. Kiu haichagui: hulegeza eneo zima, na huanzia penye udongo wa mchanga au mwinuko. Bakteria huchukua mmea mmoja katikati ya wazima, na mara nyingi shina moja katika mashina manne ya mmea huohuo. Shika udongo: kama una unyevu na mmea bado umelegea, shaka inaongezeka.

Kuna wengine wanaofanana nao. Kuvu wa *Verticillium* na *Fusarium* hunyausha pia, lakini mmea kwanza huwa njano kuanzia majani ya chini, na shina likikatwa halitoi usaha. Sota aliyetafuna shina chini ya udongo huacha jeraha unaloliona ukifukua. Maji yaliyotuama huozesha mizizi, na mmea hunyauka ukiwa umesimama kwenye tope. Mzozo ukibaki, fanya jaribio la glasi.

7. Jaribio la glasi ya maji linafanywaje?

Ni jaribio rahisi kuliko yote, na linastahili kujulikana na kila anayelima viazi.

Chagua mmea ulioanza kunyauka, usichukue uliokwisha kukauka. Kata kipande cha shina karibu na udongo, urefu wa sentimita tatu hadi tano, kwa kisu safi. Jaza glasi inayoona maji safi yaliyotulia. Ning'iniza kipande hicho kwa uzi au kipini ili ncha ya chini iguse maji tu, kisha acha kutikisa. Weka kitu cheusi nyuma ya glasi.

Kama ni mnyauko bakteria, ndani ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama moshi au maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato. Hao ni mamilioni ya bakteria pamoja na ute wao. Nyuzi hushuka taratibu na kwa kuendelea. Udongo uliobaki kwenye shina huanguka mara moja na kwisha, na utomvu wa kawaida wa mmea hutawanyika bila kutengeneza uzi.

Maji hayo sasa ni sumu kwa shamba. Yamwage kwenye choo au yachemshe. Usiyamwage mfereji.

8. Nimefanya jaribio, hakuna nyuzi zilizotoka. Niko salama?

Kwa mmea huo na kwa ugonjwa huo, pengine. Nyuzi hutoka bakteria wakiwa wengi mno, kwa hiyo mmea ulioambukizwa juzi, au unaokua kwenye ubaridi, unaweza usionyeshe kitu. Uozo wa pete kwa kawaida hautoi nyuzi hivi. Shina jeusi nalo lina njia yake (swali la 9). Rudia kwa mimea mitatu minne. Ukiendelea kuona mimea inaanguka na glasi iko wazi, peleka sampuli.

9. Shina limekuwa jeusi chini. Je, huu ni mnyauko?

Weusi unaoteleza, unaopanda kutoka kwenye mbegu iliyooza, ni shina jeusi. Vuta mmea: hutoka kwa urahisi, hunuka, na mbegu mama chini yake imegeuka ute. Majani ya juu hujikunja na kuwa njano. Mnyauko bakteria hauna harufu katika hatua za mwanzo, na shina lake kwa nje hubaki kijani, labda likiwa na michirizi ya kahawia.

Hali ya hewa huchanganya mambo. *Pectobacterium atrosepticum* hupenda msimu wa baridi na mvua, na weusi wake hauna utata. *Dickeya* hushambulia zaidi joto likipita nyuzi 25, na huweza kunyausha mmea haraka huku weusi ukiwa mdogo, shina likioza kwa ndani na kubaki tundu. Hapo mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi naye hukosea. *Dickeya solani* ilienea Ulaya kupitia biashara ya mbegu kabla hata haijapewa jina rasmi mwaka 2014. *Dickeya dianthicola* ilileta hasara mashariki mwa Marekani kuanzia misimu ya 2014 na 2015. Katika visa vyote viwili mbegu ndiyo iliyobeba.

10. Je, ukurutu kwenye ganda nao ni bakteria?

Ndiyo, ni *Streptomyces scabies* na ndugu zake. Huharibu sura na bei ya kiazi, hauozeshi nyama yake. Hupungua udongo wenye asidi (pH chini ya 5.2 hivi) na udongo unaobaki na unyevu wiki chache za kwanza viazi vinapojiunda. Uandike kwenye daftari, kisha endelea na kazi.

## Kukata na kutazama viazi

11. Kiazi kikatwe wapi?

Upande wa kitovu, yaani pale kiazi kilipokuwa kimeungana na mmea. Bakteria wa mishipa huingia kupitia mlango huo, kwa hiyo dalili huanzia hapo. Kata kipande chembamba sambamba na kitovu, utaona pete ya mishipa kama nusu sentimita hivi ndani ya ganda. Kisha bana kiazi kwa vidole viwili ukitazama pete.

Watu wengi hukata katikati kwa urefu, wanaona nyama nyeupe, wanaridhika. Maambukizi machanga hayajafika huko.

Kabla ya kukata, tazama macho. Udongo ulioganda kama tope dogo kwenye jicho la kiazi, wakati sehemu nyingine zimekauka, mara nyingi umeshikwa na usaha unaochuruzika. Wachuuzi hukisugua tu. Wewe kiweke kando.

12. Nimeona pete ya kahawia. Ni mnyauko au ni uozo wa pete?

Kwa macho peke yake usitoe hukumu, ila kuna tofauti za kukuongoza. Kwenye mnyauko, pete hutoa matone meupe yanayong'aa yenyewe, dakika chache baada ya kukata, hata bila kubana. Kwenye uozo wa pete, hadi ubane ndipo kitu kinachofanana na jibini laini kinatoka, na nyama huachana na ganda kwenye mstari wa pete. Mara nyingi ganda hupasuka kwa nje.

Pete ya kahawia kavu isiyotoa chochote inaweza kuwa ya kuvu, ya ukame, au hata ya dawa ya kukausha majani iliyopulizwa mmea ukiwa na kiu. Magonjwa haya mawili ya bakteria yako chini ya karantini katika nchi nyingi, kwa hiyo jibu la mwisho litoke maabara.

13. Ghalani nikague nini?

Pua kabla ya macho. Uozo laini hunuka mapema, na sehemu yenye joto kuliko sehemu nyingine kwenye rundo ni ishara nyingine. Ingiza mkono au kipimajoto katikati. Majimaji yanayochuruzika kiazi hadi kiazi ndiyo yanayoeneza. Kiazi kilicholowa hukosa hewa ndani ya saa chache, kinga yake hushuka, na bakteria waliokuwa wametulia kwenye vitundu vya kupumulia huamka. Ndiyo sababu viazi havioshwi kabla ya kuhifadhiwa, na vilivyovunwa kwenye tope vikaushwe kwa upepo kwanza.

Wiki mbili za mwanzo kwenye nyuzi 10 hadi 15 huponya majeraha. Baada ya hapo shusha joto.

## Sampuli na maabara

14. Nipeleke viazi vingapi?

Inategemea unataka kugundua maambukizi madogo kiasi gani. Kanuni za Ulaya kwa mnyauko na uozo wa pete hutumia viazi 200 kama sampuli ya kawaida. Namba hiyo ina hesabu nyuma yake.

Chukulia kiazi kimoja katika kila mia kimeambukizwa. Ukichukua viazi 30, nafasi ya kumpata hata mmoja mgonjwa ni asilimia 26. Viazi 100: asilimia 63. Viazi 200: asilimia 87. Viazi 300: asilimia 95. Maambukizi yakiwa nusu asilimia, zile 200 hurudi kwenye asilimia 63. Na yakiwa kimoja katika elfu, utahitaji karibu viazi 3,000 ili ufikie uhakika wa asilimia 95.

Kwenye hektari iliyopandwa kwa sentimita 75 kwa 30 kuna mimea 44,000 na zaidi. Asilimia moja ni mimea 440. Ukitafakari hilo, "tulipima viazi kumi, vyote safi" huacha kuwa habari njema.

Hesabu hii inadai viazi viokotwe bila upendeleo: kila kona ya shamba au kila gunia, juu, katikati na chini. Ukichota vyote gunia la mlangoni, umepima gunia la mlangoni.

15. Kwa nini maabara huchanganya viazi vyote pamoja?

Kupima 200 kimoja kimoja ni gharama kubwa bila sababu. Hutolewa kipande kidogo chenye umbo la koni kwenye kitovu cha kila kiazi, vipande vyote husagwa pamoja, na mchanganyiko hupimwa mara moja. Jibu linasema kundi lina kimelea au halina. Halisemi ni viazi vingapi. Ukitaka makadirio ya kiwango, omba kundi ligawanywe katika mafungu madogo.

16. Kuna vipimo vya aina gani, na nichague kipi?

Vijiti vya papo hapo vinafanana na vya kupimia mimba: saga kipande cha shina kwenye kimiminika chake, chovya, subiri mistari. Ni vizuri shambani kwa mmea wenye dalili. Kwa kiazi kisicho na dalili vinapitwa, maana vinahitaji bakteria wengi sana. Tena cha *Ralstonia* hakikuambii ni aina gani ya *Ralstonia*.

ELISA hutambua kimelea kwa kingamwili na hupima sampuli nyingi kwa gharama ndogo. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao yake Lima, Peru, kilitengeneza ELISA ya utando wa nitroselulosi kwa ajili ya maabara zisizo na vifaa vingi. Siri yake iko kwenye hatua ya kwanza: sampuli hulishwa kwa saa 48 ili bakteria wachache wawe wengi kabla ya kupimwa. Ukisikia maabara imeruka hatua hiyo, uliza kwa nini.

PCR hutafuta vinasaba, hugundua kiasi kidogo zaidi, na ndiyo inayotofautisha spishi zilizokaribiana. Kuotesha kimelea kwenye lishe ya maabara huchukua siku kadhaa, lakini ndiko kunakothibitisha kwamba kiko hai.

Kwa mmea ulionyauka: glasi, kisha kijiti. Kwa mbegu unayotaka kuuza au kupanda: ELISA yenye kulisha, au PCR.

17. Kipimo kimoja kimesema upo, kingine kimesema haupo. Niamini kipi?

Vyote viwili vinaweza kuwa sahihi. PCR na ELISA husoma hata bakteria waliokufa, wakati kuotesha huhitaji walio hai. Wachache walio hai hushindwa kuota wakizidiwa na bakteria wengine wa uozo, ndiyo maana kiazi kilichooza kabisa ni sampuli mbaya. Pia makundi mawili ya viazi 200 kutoka shamba moja yanaweza kutofautiana kwa bahati tu (swali la 14). Wakati unasubiri kipimo cha tatu, hesabu shamba kuwa limeambukizwa. Ukikosea kwa tahadhari utapoteza fursa ya kuuza mbegu mwaka mmoja. Ukikosea upande mwingine utapoteza shamba.

18. Sampuli ifungwe namna gani?

Viazi vikavu, visivyooshwa, kwenye mfuko wa karatasi. Mashina yafungwe kwa karatasi yenye unyevu kidogo, kisha yatiwe kwenye mfuko wa plastiki, kila mmea peke yake. Andika kwa penseli, maana wino hufutika. Usiweke kwenye gari juani, na usitume siku ambayo maabara itafungwa kesho yake.

## Baada ya kugundua

19. Nimekuta mmea mmoja wenye mnyauko. Leo hii nifanye nini?

Acha kumwagilia sehemu hiyo. Peleka gunia hadi ulipo mmea, si mmea hadi lilipo gunia. Chimba mmea na viazi vyake vyote pamoja na udongo ulioshika mizizi, uingize palepale, kisha chukua na majirani wa pande zote hata wakionekana wazima. Choma, au fukia kwa kina mbali na maji. Usitupe kwenye mboji wala pembezoni mwa shamba; lundo la viazi vibovu ni kitalu cha ugonjwa. Weka kijiti cha alama.

Safisha vifaa kabla ya kusogea (swali la 22). Toa taarifa kwa mamlaka ya afya ya mimea. Na viazi vya shamba hilo viache kuwa mbegu kuanzia dakika hiyo, hata vya upande wa pili ambako hukuona kitu. Vinaweza kuliwa: bakteria hawa hawamdhuru binadamu.

20. Shamba lipumzike miaka mingapi?

Uozo wa pete hauishi muda mrefu kwenye udongo pasipo masalia ya viazi. Tatizo lake ni magunia, sakafu na mashine, ambako ute uliokauka unaweza kubaki hai zaidi ya mwaka.

Mnyauko bakteria ni mkaidi zaidi. Panga miaka mitatu hadi mitano bila viazi, nyanya, pilipili, biringanya wala tumbaku. Mahindi, ngano na nafaka nyingine zinafaa. Lakini saa ya mzunguko huo inaanza kuhesabu siku maotea ya viazi yanapokwisha. Kila kiazi kilichobaki ardhini na kuchipua kwenye mahindi kinarudisha saa mwanzo, na mnavu kando ya shamba hufanya vivyo hivyo. Kwa maoni yangu, palizi ya maotea ndiyo kazi inayodharauliwa kuliko zote.

21. Maji ya mto yanaweza kuleta ugonjwa?

Yanaweza. Ulaya kuna mmea wa porini wa jamii ya mnavu, *Solanum dulcamara*, unaoota kingoni mwa mito mizizi ikiwa majini. Huambukizwa bila kuonyesha chochote na kumwaga bakteria kwenye mkondo. Baada ya mlipuko wa mwaka 1995, Uholanzi iliweka marufuku ya kumwagilia viazi kwa maji ya mito na mifereji kwenye maeneo yaliyoathirika. Kama shamba la juu yako limenyauka na mnatumia mfereji mmoja, ukaguzi wako uanzie kwenye mlango wa maji.

22. Nisafishe vifaa kwa kutumia nini?

Kwanza maji na brashi, mpaka udongo wote utoke. Kisha dawa: klorini ya kufulia sehemu moja kwa maji sehemu tisa, dakika kumi, halafu suuza kwa sababu inakula chuma. Kisu cha sampuli kipanguswe kwa spiriti ya asilimia 70 kati ya kiazi na kiazi. Klorini iliyomwagwa juu ya tope huishia kuua tope.

## Visa vya pembeni

23. Mbegu yangu ina cheti. Bado nikague?

Cheti kinasema sampuli kadhaa zilipimwa kwa njia fulani na kupita kiwango fulani. Kwa mnyauko na uozo wa pete, kiwango hicho mara nyingi ni sifuri. Kwa shina jeusi, asilimia ndogo huruhusiwa. Soma kiwango, tunza lebo na namba ya kundi. Tatizo likitokea, bila lebo hakuna wa kumfuata.

24. Aina inayostahimili mnyauko itaniondolea kazi hii?

Itaipunguzia hasara shamba lako, na kukuongezea kazi ya kupima. Hakuna aina inayolimwa sasa yenye kinga kamili. Inayostahimili inaweza kubeba bakteria bila kunyauka, kwa hiyo macho yako hupoteza ishara yao kuu. Kama unaipanda kwa kula, vizuri. Kama unatoa mbegu, pima zaidi ya mwenye aina dhaifu.

25. Majani yamekuwa ya zambarau na viazi vinatoka hewani kwenye shina. Ni bakteria gani huyu?

Inawezekana ni *Candidatus* Liberibacter solanacearum, ingawa jeraha la shina na magonjwa ya fitoplazima (kundi jingine la bakteria wa mishipa) nayo huleta sura hiyo. Bakteria huyu huishi kwenye mishipa inayoshusha sukari, hapandwi kwenye lishe ya kawaida ya maabara, na huenezwa na mdudu mdogo anayefyonza, *Bactericera cockerelli*. Ugonjwa wake uliripotiwa Meksiko mwaka 1994, baadaye Marekani na Nyuzilandi. Kiazi kikikaangwa hutoa michirizi myeusi kama ya pundamilia.

Glasi ya maji hapa haina kazi. Ukaguzi wake ni wa mdudu: kadi za njano zenye gundi kingoni mwa shamba, na kugeuza majani kutafuta watoto wake bapa upande wa chini.

26. Droni au programu ya simu inaweza kukagua badala yangu?

Droni yenye kamera ya mionzi inaonyesha mahali mimea ina taabu. Haijui kama taabu hiyo ni kiu, kuvu, mbolea au bakteria. Itumie kuchagua pa kutembea. Programu za kupiga picha jani hufanya vizuri kwa madoa, ila mnyauko hauna doa. Nimeona moja ikiuita mmea uliojaa usaha "upungufu wa maji", na kwa maana fulani haikukosea.

27. Majina kwenye ripoti yangu hayafanani na ya kwenye kitabu. Ni ugonjwa mwingine?

Kwa kawaida ni uleule. Erwin F. Smith alipomweleza kimelea wa mnyauko mwaka 1896 alimwita *Bacillus solanacearum*. Akawa *Pseudomonas*, kisha *Burkholderia* mwaka 1992, na *Ralstonia* mwaka 1995. Sasa amegawanywa spishi tatu, hivyo ripoti inaweza kusema *R. pseudosolanacearum* au *R. syzygii*. Kimelea wa uozo wa pete alikuwa *Corynebacterium*, na wa shina jeusi *Erwinia*. Ripoti ikiwa na jina usilolijua, iulize maabara jina lake la zamani kabla hujang'oa kitu.